Skana ya bei rahisi: kabla ya dpi, pima taa



Kila mara mtu anauliza skana gani ya bei rahisi anunue kwa negatifu za zamani, jibu ni moja: angalia dpi, namba kubwa njo muzuri. Mimi nilifuata hilo shauri, nikapoteza feza. Acha nilikosoe.

Babu yangu alikuwa karani wa kahawa upande wa Djugu. Alituachia katoni ya negatifu za 9 × 12 cm. Moja inaonyesha kilima chetu na mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Leo ile mifereji haiko tena, kila mvua inabeba udongo. Mimi nimesoma agronomia. Kwangu ile negatifu ni ramani. Nataka kujua kila mfereji ulipita wapi, tuchimbe tena.

Skana niliyonunua ilikuwa na namba kubwa sana kwenye katoni. Kufungua kifuniko, nikakuta taa ni nyembamba kama mkanda. Na negatifu inataka mwangaza upite ndani yake kutoka juu. Mahali taa haifiki ni giza tu. Nikaskani mara mbili, nikaunganisha kwa kompyuta. Mshono ukapita katikati ya kilima, mifereji ikakatika.

Kwa hiyo swali la kwanza ni upana wa taa. Epson V600 inaishia kwa filamu ya upana wa 6 cm. Epson 4990, V700, V750, V800 na V850 zinafika 20 × 25 cm. Zile nyembamba kama Canon LiDE kwa kawaida hazina taa ya juu; ni za karatasi.

Na dpi? Piga hesabu: 9 × 12 cm kwa dpi 1200 tu inatoa pointi karibu milioni 24. Namba kubwa inasaidia filamu ndogo ya milimita 35, ambayo lazima uikuze sana. Yetu ni kubwa tayari.

4990 iliyotumika inaweza kutosha. Kama kompyuta mpya haiitambui, programu ya VueScan inaisaidia, lakini ni ya kulipia. Feza haiko? Weka negatifu juu ya tableti yenye skrini nyeupe, katikati plastiki nyeupe, upige kwa simu. Si kamili, lakini kilima kinabaki kizima.

Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki ya Kongo kuanzia 1909 hadi 1915, hata Avakubi kando ya mto Ituri. Walirudi New York na negatifu karibu 10,000, makumbusho yakazitunza. Za babu zetu ziko chini ya kitanda, unyevu unazila.

Basi chukua rula, pima negatifu yako kwanza, kisha pima taa. Na kama tuko kumi wenye katoni kama yangu hapa Bunia, tuchange tununue moja kubwa. Hiyo njo bei rahisi.