Sensa Isiyo na Hatia

Saa nne asubuhi, Gerezani, Dar es Salaam. Mwenye Harrier anazungusha simu kijiweni ili wenzake waone video: fundi anachomeka mashine, kodi P0532 inatokea, sensa ya presha ya AC inang'olewa, mpya inafungwa, kodi inafutwa, upepo wa baridi unatoka. Dakika kumi tu. "Huyu ndiye fundi!" Kijiwe kizima kinaitikia. Hakuna anayeuliza kwa nini sensa hiyo hiyo ilibadilishwa pia wakati wa Ramadhani.

Kodi (si ile ya TRA) P0532 inasema kwamba umeme unaorudi kwenye kompyuta ya gari kupitia waya wa ishara uko chini kupita kiasi. Basi. Haijamtaja mkosaji. Waya wa ishara unaweza kuwa umegusa bodi, volti tano zinaweza kuwa zinapotea njiani, pini inaweza kuwa imelegea. Anayesoma kodi na kuagiza spea papo hapo ni karani wa bohari aliyeshika spana.

Kazi safi hujulikana mahali pamoja: pale fundi anapopima waya. Wanagenzi karibu wote huchomoa soketi, wakaweka multimeta kwenye pini, wakaona volti tano na kutangaza kwamba waya ni mzima. Hapo ndipo wanapopotea. Multimeta ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa takriban megaomu 10, kwa hiyo haivuti umeme wowote wa maana. Waya ulioliwa na ule ukungu wa kijani ndani ya ganda lake bado utaionyesha volti tano kamili. Ukirudisha soketi, sensa ikaanza kuvuta miliampea zake kumi hivi, hadithi inageuka: omu 200 za kutu zinakula volti mbili nzima. Kompyuta inaona presha ndogo isiyokuwepo, inaiachisha kompresa, na lawama inaiangukia sensa.

Kutu ikiwa kwenye erthi, mambo huenda kinyume. Ishara hupanda, na kompyuta hudhani gesi imejaa mno.

Na hapa kuna mtego unaowapa wababaishaji jina. Kuchomoa soketi na kuirudisha hukwangua pini na kuutikisa waya, kwa hiyo gari hupoa wiki mbili tatu hata kama sensa mpya haikuwa na kazi yoyote. Mteja anasifu, fundi anaamini.

Mzee mmoja wa Mombasa alipima bila kuchomoa kitu. Alikuwa na sindano mbili za cherehani, akizipenyeza nyuma ya soketi sambamba na waya, injini ikiunguruma na AC imewashwa. Kwenye erthi hakukubali zaidi ya volti 0.1. Kabla ya hapo alikuwa amekwishafunga geji zake alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha. Gesi ya R134a ikitulia kwenye joto la nyuzi 30 hukaa karibu na psi 97. Geji ikisoma 97, mashine nayo ikisoma hapo hapo, sensa haina hatia, na hakuna la kujadili. (Mashine nyingine hujumlisha presha ya hewa, karibu psi 15. Asiyelijua hilo asiguse AC ya mtu.)

Sensa ya joto la nje, ile inayojificha nyuma ya bampa ya mbele na kugongwa kila ajali ndogo, ni rahisi zaidi. Waya wake ukikatika, Toyota nyingi huripoti nyuzi −23.3. Dar es Salaam, mwezi Februari! Kompyuta inakataa kuwasha kompresa, kisha anakuja mtu kuongeza gesi.

Wapo pia wanaojua na bado wanadanganya. Zamani, kwenye Toyota zenye AC ya otomatiki, ulibonyeza AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa, ukawasha swichi, taa za paneli zikamweka mara nne, kisha namba zikajitokeza zenyewe. Mafundi wa wakati ule walizijua kwa kichwa. Namba 21 ni ya sensa ya jua, nayo hutokea hata kwenye gari zima likipimwa gizani. Jamaa mmoja alikuwa akipimia ndani ya banda, akauza "sensa ya dashibodi", kisha akalitoa gari juani kumwonyesha mteja kwamba limepona.

Mengine ni ya macho tu. Kiungo cha waya wa sensa kitiwe risasi, si kusokotwa na kufungwa tepu. Waya wa bluu uendelee kwa waya wa bluu. Ukiungwa kwa mwekundu, kazi ni mbovu hata ikifanya kazi. Na fundi anayetumia testa ya balbu kwenye volti tano afukuzwe gerejini.

Harrier ile ilirudi baada ya siku kumi na saba, ikafunguliwa na mtu mwingine. Waya wa volti tano ulikuwa wa kijani nusu shubiri kutoka kwenye soketi. Kwenye kisanduku cha dashibodi kulikuwa na sensa mbili za zamani, zimefungwa kwenye gazeti, zote nzima.