Ustadi Ulio Katika Kibanio Cheusi

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo uzuri wake hauonekani upesi ni ile ya fundi wa elektroniki apimaye saketi kwa osiloskopu ya kompyuta, yaani kifaa kidogo kinachosoma volti zinavyopanda na kushuka, kikazigeuza kuwa namba na kuzipeleka kwa waya wa USB hadi kwenye kompyuta, ambako programu huzichora kama wimbi. Tangu Ferdinand Braun alipobuni mrija wa miale ya kathodi mwaka 1897, kuchora wimbi kumezidi kuwa rahisi. Kuunganisha ndiko kulikobaki na ugumu wake.

Ugumu huo umejificha katika kibanio cheusi kinachoning'inia ubavuni mwa probu, ambayo ni ncha ya kupimia. Wengi hukidhania kuwa sawa na waya mweusi wa mita ya kawaida, unaoweza kuguswa popote, ilhali katika osiloskopu nyingi za aina hii kimeungana moja kwa moja na ganda la USB, na kwa kupitia kompyuta ya mezani yenye plagi ya pini tatu, kimeungana na waya wa ardhini ambao mafundi huuita erthi. Anayekibana kwenye waya wa moto hapimi chochote, bali anapiga shoti ambayo njia yake ni kompyuta yenyewe. Kutumia kompyuta mpakato iliyochomolewa chaja, hila ambayo baadhi ya mafundi huisifia bila haki, hakuondoi hatari: shoti haitokei, lakini kila chuma kilichoungana na USB hubaki na volti 230 kikimngoja wa kukigusa.

Kwa sababu hiyo fundi stadi, akiletewa pawa saplai ya televisheni, hutanguliza hesabu. Volti 230 ni thamani fanisi, yaani ile inayolingana na umeme wa betri katika kutoa joto. Kilele cha wimbi hufika takriban 325, na kapasita kubwa ya saplai huweza kushikilia kiasi hicho hata baada ya plagi kuchomolewa. Osiloskopu ambayo kikomo chake ni volti 20, ikitumiwa na probu inayopunguza volti mara 10, husoma hadi 200 tu. Hapo fundi huchukua probu tofautishi, ambayo ncha zake mbili hazikufungwa kwenye erthi, akasoma alama zake: CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni ya nyaya za kudumu za jengo.

Kinachofuata ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Huchomoa plagi, humwaga chaji ya kapasita kwa rezista, si kwa bisibisi, ambayo cheche zake huwafurahisha wanagenzi na kuharibu saketi, huthibitisha kwa mita kwamba volti zimeisha, hubana ncha zote wakati umeme haupo, kisha huwasha kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa mbali na chuma.

Probu tofautishi mara nyingi huwa ghali kuliko osiloskopu ya bei nafuu ambamo huchomekwa. Asiyeweza kuinunua na apime upande wa volti ndogo tu, ule ulio baada ya transfoma.