Vali Ikiwa Nyekundu, Tafuta Kosa Nyuma Yake

Fender Deluxe Reverb, amplifaya ya gitaa yenye uso mweusi iliyotengenezwa Marekani kati ya 1963 na 1967, huletwa kwa mafundi ikiwa na lalamiko ambalo karibu kila fundi wa vali amelisikia. Inapiga vizuri kwa muda, kisha sauti inaanza kukwaruza, mvumo unapanda, na ukichungulia nyuma unaona moja ya zile vali mbili kubwa za 6V6 bamba lake la ndani limekuwa jekundu. Hukumu ya haraka ni kwamba vali imekufa. Inachomolewa, inanunuliwa nyingine, na baada ya muda mfupi ile mpya nayo inawaka vilevile. Ninachodai hapa ni kwamba mara nyingi vali hiyo imeunguzwa na kosa lililoko kwingine, na kwamba amplifaya yenyewe, ikipimwa kwa mpangilio, itakuonyesha kosa liko wapi kabla hujanunua spea hata moja.

Tuanze na kile kinachoizuia vali isiungue. Kwenye mchoro wa amplifaya hii, unaojulikana kwa namba AB763, bamba la 6V6 linapewa volti 415 hivi, nayo gridi inashikiliwa kwenye volti hasi 35. Hizo volti hasi ndizo breki. Zikiwa sawasawa, vali iliyotulia hupitisha miliampea kama 22, yaani wati 9 za joto, wakati kikomo chake cha kawaida ni wati 12. Gridi hiyo inapokea sauti kutoka hatua iliyotangulia kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1, ambayo kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti 230 hivi za upande wa pili zisivuke. Baada ya miaka sitini, kapasita kama hiyo inaweza kuanza kuvuja. Uvujaji wenyewe unaweza kuwa mdogo sana. Chukua kapasita iliyofikia ukinzani wa megaomu 10. Pamoja na rezista ya kiloomu 220 inayoleta volti hasi, itaisogeza gridi kwa volti karibu 6, kutoka hasi 35 hadi hasi 29. Hata tukikadiria kwamba kila volti moja inaongeza miliampea 2.5 tu, mkondo unafika miliampea 36 na joto linakaribia wati 15. Bamba haliwezi kustahimili hilo. Na kwa kuwa uvujaji huongezeka kadiri kapasita inavyopata joto, unaelewa kwa nini amplifaya hupiga vizuri mwanzoni na kuharibika baadaye.

Hapa ndipo kipimo kinapoonyesha thamani yake. Multimita ya kawaida ikitumika kupima ukinzani wa kapasita hiyo ikiwa baridi inaweza kukuambia ni nzima, kwa sababu inapima kwa volti chache tu. Kapasita inapaswa kuhojiwa ikiwa kazini. Zichomoe 6V6 zote mbili, ziache vali ndogo mahali pake, washa, kisha pima mguu wa 5, ambao ndio wa gridi, wa kila soketi. Pande zote mbili zinapaswa kuonyesha volti hasi zilezile. Upande mmoja ukiwa umepanda kuelekea sifuri, zima, ondoa chaji, fungua mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, washa tena na upime volti za huo mguu ulio hewani. Kapasita nzima itashuka hadi karibu na sifuri. Ile yenye uvujaji wa megaomu 10, ikikutana na multimita yenye ukinzani wa megaomu 10, itaonyesha volti zaidi ya 100. Hitilafu iliyojificha kwenye tofauti ya volti 6 inajitokeza waziwazi, na hakuna tena nafasi ya kubahatisha. Kama kapasita ni safi lakini gridi bado imepanda, geukia ubao wenyewe. Fender walitumia ubao wa nyuzi uliopakwa nta, na ubao huo ukinyonya unyevu huanza kupitisha umeme kidogo kati ya viungio vyake. Wenye amplifaya hizi katika miji ya mwambao wasilisahau hilo.

Wapo watakaosema kwamba vali nazo huharibika, na kuibadilisha ni kazi ya dakika moja. Ni kweli, na ndiyo maana hatua ya kwanza kabisa ni kuzibadilisha nafasi zile 6V6 mbili. Wekundu ukiifuata vali kwenye soketi mpya, vali ina kosa. Ukibaki kwenye soketi ileile, vali haina hatia. Zote mbili zikiwa nyekundu kwa pamoja, nenda moja kwa moja kwenye dayodi na kapasita ya umeme hasi unaolisha gridi zote mbili.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafundi wanaobadilisha kapasita zote kwa mkupuo ili wawe na uhakika. Kwa kapasita za kemikali, zile kubwa za kuchuja umeme pamoja na ile ya umeme hasi, nakubaliana nao kabisa, kwa kuwa kemikali yake hukauka kwa umri hata amplifaya ikikaa kabatini. Kapasita za kupitisha sauti ni habari nyingine. Nyingi bado ni nzima, na kila moja inayong'olewa bila sababu ni nafasi ya lehemu mbaya au waya kuwekwa pasipo pake. Kosa likiwa kwenye ubao, fundi huyo atabadilisha kila kitu na wekundu utabaki.

Kwa upande mwingine wako wakusanyaji wasiotaka kitu kiguswe, hasa kwa amplifaya za kabla kampuni ya CBS haijainunua Fender mwaka 1965. Kwa kapasita za sauti nzima, wana haki. Kwa usalama, hawana. Waya wa umeme wa nyaya mbili uondolewe na uwekwe wa nyaya tatu wenye ethi, na kapasita inayounganisha umeme wa ukutani na chesisi ikatwe, kwani ikipata shoti mwanamuziki ndiye atakayeipokea kupitia nyuzi za gitaa. Vilivyotolewa vifungwe kwenye mfuko na kuhifadhiwa ndani ya kasha.

Kazi ikikamilika, mkondo wa vali upimwe upya kwenye umeme utakaotumika. Volti za AB763 ziliandikwa kwa umeme wa volti 117, na amplifaya inayotumika Dar es Salaam au Nairobi kupitia transfoma ya kushusha inaweza kupata zaidi ya hapo. Kumbuka pia kwamba vipimo hivi vyote vinafanyika karibu na volti zinazoua, na kapasita za kuchuja hubaki na chaji hata plagi ikichomolewa, kwa hiyo mwachie fundi aliyezoea. Lakini unapompelekea, mwombe akuandikie volti za mguu wa 5 pande zote mbili, kabla ya matengenezo na baada yake. Akikupa bili ya vali mpya bila namba hizo, usiilipe kabla hajapima.