Fundo la Khanga

Mtazame muuguzi stadi wa wodi ya watoto njiti anapomfunga mtoto kifuani mwa mama yake. Haanzi na mtoto, anaanza na mama. Anamketisha, anavuta pazia, anasema taratibu, "Mama, fungua gauni, tumrudishe kwake." Mama huyu ana siku kadhaa akimtazama mwanawe kupitia kioo, akiogopa hata kumgusa. Mtoto ana kilo moja na nusu, ngozi laini kama utando, mpira wa kulishia puani.

Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi. Anasimamishwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa kinageuzwa upande, kidevu kinainuliwa kidogo tu: kikiinama, njia ya hewa inabanwa, kikizidi kuinuka, inabanwa vilevile. Kisha inakuja khanga. Ukingo wa juu unafika chini ya sikio. Kifuani inakazwa, tumboni panaachwa nafasi mtoto apumue.

Huduma hii ya kangaruu ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria, wodi yake ilipokuwa imefurika watoto na mashine za joto hazitoshi. Mwaka 2021, utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba ikianza mara tu mtoto anapozaliwa, bila kusubiri hali yake itulie, vifo hupungua kwa asilimia 25.

Lakini umahiri wenyewe nauona baadaye, muuguzi anapolifungua fundo lake zuri na kusema, "Sasa funga wewe." Anarudisha mikono nyuma, anangoja. Fundo la kwanza linalegea. La pili linakaa. Kuanzia hapo mama anajifunza lugha ya njiti, asiye na nguvu za kulia: kulamba midomo ni njaa, vidole vilivyotanuka ni uchovu. Kuzaliwa mapema kuliwanyang'anya siku za kuzoeana. Sasa wanazirudisha, saa kwa saa, kifua kwa kifua.

Wiki moja baadaye analetwa mzazi mwingine, mikono inamtetemeka. Anayeinuka kitandani kumsaidia ni yuleyule aliyekuwa akiogopa kugusa: "Pandisha ukingo, dada. Ufike chini ya sikio."