Mlembe Anasikia Nini Akiitwa?

Kwamba mlembe huwapeleka watu kwenye asali si habari mpya. Warina asali wanalijua hilo tangu enzi za mababu, na João dos Santos, mmisionari Mreno aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika habari za ndege mdogo aliyekuwa akiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na akiwaongoza watu kwenye asali. Kazi ngumu ilikuwa kuthibitisha upande wa pili: je, ndege huyu anaelewa anapoitwa?

Biashara yenyewe ni rahisi kuieleza. Mlembe anajua nyuki walipo lakini hawezi kupasua gogo wala kustahimili miiba. Mtu ana shoka na moshi, ila hajui mti ni upi. Mtu huondoka na asali, ndege akabaki na nta, ambayo tumbo lake huimeng'enya bila shida, jambo linalowashinda viumbe wengi. Mwaka 1989 mtafiti Hussein Isack wa Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer waliipima faida hiyo kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Mrina asali asiye na ndege alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Aliyeongozwa alitumia saa 3.2.

Saa hizo zinaonyesha kwamba ndege anamfaa mtu. Hazituambii kama mwito wa mtu una maana yoyote kwa ndege. Kuku hukimbilia bakuli la pumba likigongwa, hata mgongaji awe mgeni, na pengine mlembe naye hujitokeza kwa sababu tu amesikia kelele za binadamu porini.

Swali hilo ndilo mtafiti Claire Spottiswoode alilolibeba hadi Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, kwa Wayao, ndugu wa Wayao wa Tunduru na Masasi. Wao humwita mlembe kwa kutetemesha ulimi, "brrr", kisha wanamalizia kwa mguno mfupi, "hm". Katika utafiti uliotoka mwaka 2016, watafiti walitembea porini na warina asali huku wakipiga sauti zilizorekodiwa. Safari moja ilikuwa ya mwito wenyewe, nyingine ya maneno ya kawaida ya watu, nyingine ya sauti za wanyama. Zote zilipigwa kwa ukubwa unaokaribiana.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Maneno ya kawaida yapo ili kuondoa hoja kwamba ndege anafuata sauti yoyote ya mtu. Sauti za wanyama zinaondoa hoja kwamba kelele yoyote inatosha. Ukubwa wa sauti kulingana unazuia mtu asije akasema "brrr-hm" ilisikika mbali zaidi. Na kurekodi kuna faida ambayo ni rahisi kuipuuza: mrina asali anayeita kwa mdomo wake huweka bidii na matumaini, na mwito wake usingefanana siku zote.

Kwa sauti zile nyingine, uwezekano wa kuongozwa na mlembe ulikuwa kama asilimia 33. Kwa mwito wa Wayao ulipanda hadi 66. Uwezekano wa safari kuishia kwenye nyuki ulitoka asilimia 17 hadi 54. Majaribio yalikuwa 72 tu, idadi ndogo, lakini tofauti ya namna hiyo si ya kubahatisha.

Hata hivyo, mimi nisingeridhika na utafiti ule peke yake. Ulibakiza mwanya: huenda walembe wote huzaliwa wakiupenda mtetemo ule. Mwanya huo ulizibwa mwaka 2023, Spottiswoode alipoungana na Brian Wood, ambaye amefanya kazi miaka mingi na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe hawatetemeshi ulimi, wao hupiga mluzi wenye lahani. Basi watafiti wakazibadilisha sauti: mwito wa Wayao ukapelekwa kwenye vilima vya Kidero, kwa Wahadzabe, mluzi wa Wahadzabe ukapelekwa Niassa. Kila sauti ikawa ya nyumbani upande mmoja na ya kigeni upande wa pili. Kidero, ndege waliitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Niassa. Niassa, mwito wa Wayao ulishinda mluzi karibu mara mbili. Kwangu huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote, maana hakuna sauti iliyoshinda kila mahali.

Kwa hiyo ndege hujifunza, na si kwa mama yake. Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine, kama kerem, na kifaranga chake huanguliwa na ndoana kwenye ncha ya mdomo, ambayo huitumia kuwaua makinda wa mwenye kiota gizani. Walezi wake hawana habari na mtu wala nta. Malipo nayo si ya uhakika: Wayao humtandikia nta juu ya majani, ilhali Wahadzabe mara nyingi huichoma au kuifukia ili abaki na njaa na aongoze tena. Shule yake ni kile anachokisikia na kukiona watu wa hapo wakifanya, na pale walipoacha kurina, wakategemea sukari ya dukani, mlembe bado yupo ila haongozi mtu.