Kiu Ndani ya Kunde

Katika soko la Ishiara, Mbeere, mnunuzi wa kunde hana haja ya maneno mengi. Huchota konzi moja, akazimwaga kiganjani na kuzigeuza kwa kidole gumba akitafuta tundu. Tundu la fukusi halifanani na la kitu kingine: ni duara kamili, laini ukingoni. Yakionekana matatu manne, bei ya gunia zima imeshuka, na mama aliyelileta anajua kwamba siku alipozipura na kuzianika hakuona hata punje moja yenye kasoro. Kati ya siku ile na siku ya soko kuna jambo limepita bila jicho lolote kulishuhudia. Wapo watu ambao kazi yao ni kulichora jambo la namna hiyo likitendeka, hatua kwa hatua, mpaka mtu alione. Ni wachoraji wa katuni za sayansi, na nadhani hatujawasifu inavyostahili.

Tazama kwanza wanachotakiwa kukichora. Jike la fukusi hutaga yai juu ya ganda la kunde na kuligandisha hapo kwa gundi yake. Buu likianguliwa halitoki nje hata kidogo. Hutoboa upande wa chini wa yai na kuzama moja kwa moja ndani ya punje. Humo hula, hunenepa, hujichimbia chumba. Likikaribia kukomaa hufanya jambo la ajabu: huchimba kuelekea nje mpaka chini kabisa ya ganda, likabakiza utando mwembamba wa mviringo, kijidirisha kisicho wazi, kisha hutulia ndani na kubadilika umbo. Mdudu kamili husukuma kifuniko hicho kwa kichwa na kutoka. Kwenye joto la nyanda za chini za Mbeere na Tharaka hayo yote huchukua takriban mwezi mmoja. Huyo anayetoka hana haja ya kula tena. Kilichobaki ni kupandana na kutaga, na siku zake ni chache.

Mchoraji ana dakika mbili tatu za kuyaeleza haya. Mwaka 1910 Mwingereza Percy Smith aliwashangaza watazamaji wa sinema kwa kuwaonyesha maua yakichanua kwa sekunde chache, kwa sababu kamera yake ilipiga picha moja moja kila baada ya muda. Lakini Smith alikuwa na ua mbele yake na taa ya kulimulika. Ndani ya punje ya kunde ni giza tupu, na ukiipasua ili uingize kamera umeyaharibu maisha uliyotaka kuyatazama. Hapo ndipo kalamu inapoipita kamera. Mchoraji huikata punje katikati na buu likaendelea kula. Huamua kwamba wiki mbili za kula zipite kwa sekunde nne, kisha anapofika kwenye kile kijidirisha anapunguza mwendo, kwa kuwa mkulima anayeyajua matundu ya sokoni anastahili kuona yanavyoanza. Filamu ikienda kwa fremu 24 kila sekunde, kuchelewa kwa sekunde moja tu ni michoro mingi ya ziada. Anayekubali kuichora anajua kitu gani katika hadithi yake kina uzito.

Kazi ya aina hii ina kituo kinachojulikana. Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mtaalamu wa wadudu Barry Pittendrigh na Julia Bello-Bravo walianzisha Scientific Animations Without Borders, SAWBO kwa kifupi. Katuni zao huchorwa mara moja, kisha sauti ya msimulizi hubadilishwa kwa lugha baada ya lugha, Kiswahili kikiwemo, na faili huwa ndogo kiasi cha kurushwa kutoka simu hadi simu. Mojawapo inafundisha kuhifadhi maharagwe ndani ya mtungi wa plastiki uliofungwa kabisa, hewa isipite, bila dawa ya unga. Watafiti waliipeleka Gurúè, kaskazini mwa Msumbiji, na waliporudi baada ya miaka miwili walikuta asilimia 89 ya waliofuatiliwa wameishika njia hiyo. Yeyote aliyewahi kuona jinsi mafunzo ya wakulima yanavyosahaulika wiki moja baada ya mwezeshaji kuondoka atajua uzito wa hesabu hiyo.

Kwa nini picha inayosogea ikafika mahali bango halifiki? Bango la ukutani kwenye agroveti huamuru: kausha vizuri, funga vizuri. Mtu hutii amri mpaka siku inapomchosha. Katuni nzuri humpa sababu, na kwa kunde sababu yenyewe ni ya kupendeza kuliko wengi wanavyodhani. Tumezoea kusema kwamba ndani ya mtungi wadudu hukosa pumzi wakafa. Mwaka 2012 Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake walieleza kwamba fukusi wa kunde hufa kwa kiu. Kunde kavu haina maji ya kumtosha buu; maji yake hulazimika kuyatengeneza mwenyewe mwilini, kwa kuunguza wanga akitumia oksijeni. Oksijeni ikipungua mtungini, kwa kuwa wadudu wenyewe wameivuta, kisima hicho cha ndani hukauka. Buu huacha kula, huacha kukua, hukauka polepole.

Ningepewa kalamu, hicho ndicho ningekichora: punje iliyokatwa, buu, matone madogo yakizaliwa ndani ya mwili wake kila hewa inapoingia, kisha mtungi unafungwa na matone yanapungua moja baada ya jingine. Halafu mkono unafungua kifuniko kuchota kikombe kimoja cha kunde za jioni, hewa inaingia, na matone yanarudi. Mkulima aliyeona hivyo haambiwi tena asifungue ovyo. Ameona kwamba kufungua ni kuwanywesha.

Hapa nina ubishi na baadhi ya wachoraji. Winsor McCay, mmoja wa waasisi wa sanaa hii, mwaka 1912 alimchora mbu aliyevaa kofia ndefu, akinywa damu mpaka anapasuka. Watu walicheka, na McCay alikuwa fundi mkubwa. Lakini buu la kunde likipewa meno na kicheko cha jambazi, mtazamaji atakumbuka kicheko na kusahau matone. Mchakato wenyewe unavutia ukichorwa kwa uaminifu. Kijidirisha kile hakihitaji kuongezewa chumvi.

Afrika Mashariki haikuanza jana kutazama sayansi ukutani. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa sinema uliokaa Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha vijijini, mojawapo ikihusu safura. Waliopanga cha kuonyeshwa walikuwa wakoloni. Leo katuni inaweza kusimuliwa kwa Kimbeere, Kitharaka au Kiimenti, na mtu wa Siakago akasahihisha mchoro kwa kusema ungo wa kwao haushikwi hivyo.

Ninalolisubiri sasa ni katuni ya kahawa, zao la miteremko ya juu. Meru na Embu, pamoja na Kisii, ndizo sehemu za kwanza ambako serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kulima kahawa, katika miaka ya 1930. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu wa kahawa ambao wengi huuita tu CBD, ulikuwa umeshagunduliwa Kenya mwaka 1922, na aina zinazoustahimili, Ruiru 11 na Batian, zilitolewa 1985 na 2010. Bado mashamba mengi yana miti ya zamani, na mwenye shamba hunyunyiza dawa bila kuwahi kuona anachopigana nacho. Tone la mvua hugonga tunda bichi lenye doa jeusi, hupasuka, na vijitone vyake hubeba mbegu za kuvu hadi tunda la jirani, ambako unyevunyevu ukidumu mbegu huchipua na kupenya ganda. Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Meru kule Nchiru vina wanafunzi wa kilimo na wa kompyuta katika uwanja mmoja. Waketi pamoja na walichore hilo tone, na waanze kabla ya mvua za Machi.