Namna Euler alivyoivunja 4,294,967,297

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alikuwa ameshawishika kuhusu jambo moja: chukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, jumlisha 1, nawe utapata namba tasa. Kweli, 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa. Aliona zitakazofuata zitakuwa hivyohivyo. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, na mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa St Petersburg, alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Ukizijaribu namba tasa kwa zamu, 2, 3, 5, 7 na kuendelea, 641 ni ya 116. Kwa njia ambayo Euler aliithibitisha baadaye, ni ya tano tu.

Tuseme namba tasa p inaigawanya 2³² + 1 kikamilifu. Basi 2³² imepungukiwa 1 tu igawanyike kwa p. Tuseme baki lake ni −1. Zidisha 2³² kwa yenyewe: −1 mara −1 ni 1, kwa hiyo 2⁶⁴ inabakisha 1. Mabaki ya vipeo vya 2 yanazunguka, basi, na mzunguko mmoja una hatua 64 kamili. Ungekuwa mfupi zaidi, urefu wake ungeigawanya 32 pia, na 2³² ingebakisha 1 badala ya −1. Hapo ndipo linapoingia jambo alilolitangaza Fermat mwenyewe mwaka uleule wa 1640: 2 kwa kipeo cha p − 1 lazima ibakishe 1. Kwa hiyo p − 1 inagawanyika kwa 64.

Andika 65, 129, 193, 257 na kuendelea, ukifuta zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Nne za mwanzo zinagoma.

Ya tano unaweza kuihakiki kwa kalamu tu. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo 5 × 2⁷ inabakisha −1. Ipandishe kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ inabakisha 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴ kwa upande wa mabaki. Basi −2³² inabakisha 1, na 2³² + 1 haibakishi kitu. Kigawo cha pili ni 6,700,417.

Linalonisikitisha ni kwamba Fermat alikuwa na zana zote. Mwaka huohuo, kwa hoja ya namna hii, aligundua kuwa 223 inaigawanya 2³⁷ − 1. Alikuwa majaribio matano tu kutoka kwenye jibu lililosubiri miaka 92.

Mwaka 1878 Édouard Lucas aliibana njia zaidi: p − 1 lazima igawanyike kwa 128. Hadi 641 zinabaki mbili, 257 na 641 yenyewe. Na 257 ni ya familia ileile ya Fermat, ambamo hakuna namba mbili zenye kigawo cha shirika zaidi ya 1. Inaondolewa bila kujaribiwa, na 641 inakuwa ya kwanza.